Mgeni alale wapi? Kartie za Lubumbashi na desturi ya kupokea

Wazee wetu wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakusema mgeni huyo alale wapi, kwa sababu wakati wao jibu lilikuwa moja tu: mgeni analala kwetu. Kama nyumba iko na chumba kimoja, watoto wanahamia kwa jirani, mwenye nyumba anashuka kwenye mkeka, na mgeni anapanda kitanda. Hakuna aliyeuliza bei. Hakuna aliyeuliza hesabu ya siku, isipokuwa kwa mchezo, pale waliposema siku ya tatu mpe jembe.

Leo hapa Lubumbashi swali hilo limekuwa kubwa. Mji umepanuka, nyumba zimekuwa ndogo ao ghali, na wageni wenyewe si wa aina moja. Mimi naishi Golf, na kila mwezi simu yangu inalia: "Mwalimu, weye uko Golf, tutafutie fasi ya kulala." Watu wanafikiri kuishi Golf ni kujua nyumba zote nzuri za mji. Hawajui kama nakaa ndani ya aneksi, vyumba viwili na saloni, nyuma ya nyumba kubwa ya mtu mwingine. Lakini kwa kujibu simu hizo nimejifunza mambo, na kwa kosa moja nililofanya mwenyewe nimejifunza zaidi. Nataka kuandika yote mawili, maana jambo la kulala mgeni ni desturi kama desturi zingine, na desturi isiyoandikwa inapotea polepole.

Mji uliogawanywa kwa usingizi

Kwanza tukumbuke tulipotoka. Mji wetu ulianza mwaka wa 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini, na uliitwa Elisabethville. Tangu mwanzo uligawanywa, na kilichougawanya zaidi ni usingizi. Mchana watu wote walikutana kazini. Usiku kila rangi ilirudi kwake. Mzungu alilala mjini. Mtu mweusi alilala Cité, ile iliyoitwa Albert, ambayo leo tunaiita Kamalondo. Katikati wakaacha eneo tupu bila nyumba, ambalo Kifaransa chao kiliita zone neutre, ili usingizi wa hawa usiguse usingizi wa wale. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa na kambi zao, na ndani ya kambi mgeni hakuingia hivi hivi: mkubwa wa kambi alitaka kujua ni nani, ametoka wapi, na atarudi lini. Kupokea ndugu kutoka kijijini kulihitaji ruhusa.

Kuko kundi moja tu lililolala upande usio wake: maboyi. Hao walikuwa na nyumba ndogo nyuma ya lupangu ya bwana, karibu na kuni na maji. Mwaka wa 1965 watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu walitoa habari za mji huu kwa Kiswahili cha hapa kwetu, katika andiko linaloitwa "Vocabulaire de Ville de Elisabethville", lililokusanywa na André Yav. Ni moja ya maandishi machache ya mji huu yaliyotoka kwa wale waliofagia saloni, si kwa wale walioketi ndani yake. Ninapenda kuwakumbusha wanafunzi wangu jambo hilo. Ndani ya kartie za zamani aneksi nyingi zilikuwa nyumba za boyi. Leo ndani yake wanalala walimu, wauguzi, na wageni wa kulipa dola.

Baadaye Kenya ikakua, na kufika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi zikapimwa na kujengwa. Mwaka wa 1966 jina la Elisabethville likaondoka, tukawa Lubumbashi. Karatasi ya kupita usiku ilikuwa imekwisha kuondoka na uhuru. Lakini bei ilibaki, na bei nayo inajua kugawanya watu. Ndiyo maana mtu akiniuliza kartie gani ni nzuri, siwezi kumjibu kwa neno moja. Nzuri kwa nani?

Kila mgeni na kartie yake

Tuanze na Golf, kwa sababu ndipo niliko. Jina linatoka kwa uwanja wa golf, kandokando ya ziwa na hoteli ya Karavia. Nyuma ya sheria ya madini ya mwaka wa 2002 makampuni yalikuja kwa wingi, na pale palipokuwa pori na mashamba pakaota nyumba za ghorofa na kuta ndefu: Golf Météo, Golf Plateau, na zingine. Aneksi zikageuka gesti, na gesti zikazaa gesti zingine. Golf inamfaa mhandisi aliyekuja wiki tatu, mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa kwa mkutano, ao mama mwenye mtoto mchanga anayetaka kimya. Kuko zamu mlangoni, kuko jenereta Snel ikikata umeme, kuko fasi ya kuegesha gari. Lakini haimfai mtu asiye na gari. Jioni taksi zinapungua, na mwenye kuchelewa mjini anarudi kwa miguu ao kwa bei ya hasira. Soko liko mbali, na hata mkate unaona haya kusema bei yake. Tena mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku ni kali, maana mji wetu uko juu, karibu metre 1.200, na upande wa ziwa baridi inazidi. Mgeni wa kutoka Kinshasa ambaye hakupewa blanketi mbili, asubuhi atakuambia alilala Ulaya. Kwa kifupi: Golf ni kimya, na kimya kinalipwa.

Mfanyabiashara namtuma mjini kati. Hapo kuko benki, maduka, Poste, soko Mzee Laurent-Désiré Kabila, na magari ya asubuhi ya kwenda Kasumbalesa ao Likasi hayako mbali. Yeye anaamka saa kumi na moja. Akilala Golf atakula faida yake yote ndani ya taksi. Mjini kati panamfaa vilevile mgeni anayetaka kuuona mji kwa miguu: kanisa kubwa la Petro na Paulo, sinagogi ya mwaka wa 1930, nyumba ya teatre, na miza. Lakini nawaambia wote: mjini kati mchana ni soko, usiku ni tupu. Maduka yakifungwa, barabara zinabaki na mazamu na mbwa. Mgeni asizunguke akihesabu nyota.

Mgeni wa mpira na wa muziki alale Kamalondo, lakini asiseme amekuja kulala. Tangu mwaka wa 2011 TP Mazembe wana uwanja wao huko, na timu yenyewe ilizaliwa mwaka wa 1939. Siku ya mechi kartie nzima inavaa nyeupe na nyeusi. Mashindano yakiisha, baa zinaendelea. Jirani yake ni Kenya, yenye soko ambalo watu wa mikoa wanalijua kuliko mji wenyewe. Mama mwenye kuleta samaki, ao mwenye kununua unga na nguo za kwenda kuuza, alale karibu na soko hilo, maana mzigo wake ndio roho yake, na mtu halali mbali na roho yake. Kenya ndiyo iliyotupa pia Jecoke, vijana wacheshi na wachezaji ngoma ambao mji mzima unawajua. Kwa hiyo ni kosa kusema kama Kenya ni kelele tu. Ni kelele yenye kazi.

Mzazi anayemleta mtoto kuandikisha Unilu, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka wa 1956, atafute upande wa Kasapa, apate kusimama mapema kwenye mstari wa karatasi. Mwenye mgonjwa ndani ya hospitali Sendwe asitafute uzuri wala bei. Atafute paka ukaribu. Sisi wote tunajua kama kwetu mgonjwa anapikiwa na jamaa. Anayepika ni lazima aende na kurudi na sufuria mara mbili, mara tatu kwa siku. Nimeona mtu aliyewekwa na watoto wake ndani ya gesti nzuri ya mbali, wakidhani wamemheshimu, na chakula kikimfikia mgonjwa kimepoa.

Halafu kuko Katuba na Ruashi. Huko hoteli ni ndugu. Ndani ya lupangu moja kuko nyumba tatu, nne, kisima kimoja, mbabula mbele ya kila mlango, na saa ya bukari hakuna anayeuliza huyu ni wa nyumba gani. Wakati wa mvua, kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, matope yanafika magotini kwenye barabara zingine, na viatu vya mgeni vinalia. Lakini mgeni wa Katuba hasemi amelala peke yake. Asubuhi atakuwa amesalimiwa na watu ishirini kabla hajanawa uso.

Na mwisho kuko mgeni asiye na kartie: mgeni wa kilio. Huyo analala penye kilio, nje, karibu na moto, pamoja na wengine. Hata kama ni mkubwa wa kampuni, hata kama gari lake linaweza kumpeleka Karavia kwa dakika kumi. Mtu aliyekuja kwa kilio akalala hoteli, wazee wanasema alikuja kutazama. Hakuja kulia.

Kosa langu

Mambo hayo yote nilikuwa ninayajua wakati nilipokosa. Ndiyo maana nayaandika.

Mimi ni Muluba wa Katanga. Bibi yangu ni wa Kasenga, kule kwenye Luapula, zaidi ya kilometa 200 kutoka hapa. Mwaka wa 2019, mwezi wa sita, wakwe walipaswa kufika kwetu kuleta mali ya binti yetu wa kwanza. Kwetu Baluba baba njo anaongea. Lakini kwa watu wa Luapula mtoto ni wa upande wa mama, na bila muyomba mlango haufunguki. Tukamwita kaka mkubwa wa bibi yangu. Mimi na yeye tunaitana mulamu, namna ya kwao. Ni mtu wa kuvua samaki, wa miaka sabini na kitu, mwenye maneno machache.

Nilitazama aneksi yangu: vyumba viwili, watoto watano, na wageni wengine wanne wa upande wangu walikuwa wamekwisha kufika kutoka Bukama. Nikasema moyoni: mzee huyu ametoka mbali, gari limemtikisa, baridi ni kali, nimlalishe vizuri. Nikachukua feza, tena feza ya mkopo, nikamlipia usiku tatu katika gesti moja ya hapa Golf. Maji ya moto, televizyo, shuka nyeupe. Bibi yangu aliniuliza mara moja tu: "Yaya atalala kule peke yake?" Nikamjibu: "Atapumzika." Hakusema tena.

Mulamu alifika jioni. Alikula kwetu, kisha nikampeleka. Alitazama chumba, akatazama kitanda, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. Akasema: "Aksanti, mulamu." Nikarudi nyumbani na furaha. Nilijiona mtu.

Kesho yake wakwe wakafika. Wakapiga hodi, wakakaa, maji yakapita. Msemaji wao akasimama, akaongea vizuri, akaweka bahasha juu ya sahani, akasema wanangoja neno la muyomba. Watu wote wakamgeukia mzee. Akanyamaza. Tulifikiri anatafuta maneno. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya kawaida:

"Miye niko mugeni wa kulipiwa. Bananiweka mu nyumba ya feza. Mugeni wa kulipiwa haongeake mu lupangu ya batu."

Saloni nzima ikawa baridi. Msemaji wa wakwe akatazama chini. Binti yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, nilisikia pumzi yake. Nikaanza kueleza: vyumba, baridi, heshima. Kila neno nililosema lilizidi kuharibu, maana nilikuwa nikihesabu mbele ya wakwe gharama ya kumlalisha. Mwishowe mzee mmoja wa kwetu akanivuta mkono. Akawaambia wakwe: "Bana betu, leo tumekula. Mali itangoja kesho kutwa." Wakaondoka na bahasha yao. Mtu anayejua mambo ya mali anajua maana ya bahasha kurudi. Kuko ndoa zinazoishia hapo.

Usiku ule nilienda gesti. Mulamu alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, begi lake limefungwa. Nikapiga magoti. Sikutafuta maneno mengi, nilisema tu: "Mulamu, twende kwetu." Akaniuliza: "Kuko fasi?" Nikamwambia ukweli: "Haiko." Akasimama, akachukua begi. "Kama haiko, njo kwetu," akasema.

Tulimpa chumba chetu. Mimi na bibi yangu tukalala saloni pamoja na watu wa Bukama, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Na kwa sababu feza ya gesti ilikuwa imelipwa na hairudishwi, vijana wangu wawili walikwenda kulala kule, wakatazama televizyo mpaka saa nane, wakarudi asubuhi wakiongea kama wahandisi. Mulamu alipowaona alicheka. Hicho ndicho kicheko cha kwanza tangu atoke Kasenga.

Siku mbili zilizofuata alifanya mambo ambayo gesti haiwezi kumpa mtu. Aliamka mapema, akawasha mbabula mwenyewe. Alimkemea mtoto aliyeacha ndoo wazi. Alimwita binti yetu, wakakaa wawili nyuma ya nyumba karibu saa nzima, na mpaka leo sijui waliongea nini. Watu wa Bukama walimzoea, wakamwuliza habari za samaki. Siku wakwe waliporudi, alikuwa ameketi mlangoni kama mwenye nyumba. Hodi ilipopigwa, njo yeye aliyeitika. Aliongea kwa muda mfupi, akauliza mambo mawili, akapokea bahasha, akampa dada yake. Mlango ukafunguka.

Maswali matatu

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu kutafutiwa fasi, namuuliza maswali matatu kabla ya kumtajia kartie yoyote. La kwanza: mgeni amekuja kufanya nini? La pili: ataamka saa ngapi, na atakwenda kwa miguu ao kwa gari? Maswali haya mawili yanatosha kwa mgeni wa kazi. Yanamweka mhandisi Golf, mfanyabiashara mjini, mama wa samaki Kenya, mwenye mgonjwa karibu na Sendwe. Hapo hakuna aibu ya kulipa. Kulipa ni sawa kabisa, na gesti nzuri inastahili feza yake.

Swali la tatu nililipata kwa mulamu: mgeni huyu tunangoja sauti yake ndani ya nyumba? Kama tunangoja aongee, abariki, apatanishe, azike, basi alale ndani ya ile nyumba ambamo ataongea. Sauti ya mtu inatoka pale alipolala. Hatuwezi kumweka mzee mbali usiku, halafu mchana kumwomba awe mwenyeji.

Ninajua vijana watanijibu: "Mwalimu, nyumba ni ndogo." Ni kweli, na yangu ni ndogo kuliko zenu. Lakini tazameni: udogo wa nyumba unaamua tu nani atatoka. Haulazimishi mzee awe yeye. Kama kuko feza ya gesti, walale huko vijana, walale marafiki waliokuja na gari, alale hata mwenye nyumba. Kitanda cha nyumbani kibaki kwa mwenye neno. Na kama hakuna feza, mkeka haujawahi kuua mtu. Wazazi wetu walipokea ndugu zao ndani ya kambi kwa ruhusa ya mkubwa wa kambi. Leo hakuna anayetuomba karatasi. Itakuwa ajabu kama sisi wenyewe tunarudisha eneo tupu kati ya kitanda chetu na kitanda cha ndugu yetu, na tunaliita heshima.

Mwaka uliofuata ndoa tulikwenda Kasenga, mimi na bibi yangu, kumshukuru. Joto la Luapula lilikuwa kali, mbu walikuwa wengi. Nyumba yake iko na chumba kimoja na baraza. Jioni alitundika chandarua juu ya kitanda chake, akatuonyesha kwa mkono, kisha akatandika mkeka wake kwenye baraza, karibu na nyavu. Nilitaka kukataa. Bibi yangu alinitazama, nikanyamaza, nikaingia kulala.